Chai ya Tata na Seva Niliyoichomoa

Hii aibu nimeimeza mpaka leo, na nikienda soko ya Othaya naangalia kwanza kama kuna mtu wa Kerugoya ananijua, kwa hivyo mkinicheka, chekeni polepole.

Mnajua niko na saiba ya intaneti juu ya duka la mbegu, kompyuta sita, na chini ya meza kuna seva, yaani ile kompyuta kuukuu inayoweka akiba ya kurasa ambazo watu wameshafungua ili bando isiishe haraka. Zote sita hupitia kwake, ikilala zote zimelala. (Niliiunda mwenyewe, nikajisifu mji mzima.) Siku hiyo saa tisa akaingia Tata Wangari, dadake mama, na binti yake Nyambura, wametoka Kerugoya na vyeti kwa bahasha, maana maombi ya chuo cha uuguzi yalikuwa yanafungwa saa kumi na moja na Tata hakuamini mtu mwingine. Akasema mbele ya wateja wote, "Mtoto wa dada yangu ndiye anajua hii maneno ya kompyuta."

Kwetu mgeni haulizwi kama atakunywa chai, anapikiwa tu. Soketi zilikuwa zimejaa, nikajiambia ni dakika tano, nikachomoa seva bila kuizima, nikachomeka birika.

Tukanywa. Nikairudisha seva, ikawaka, halafu ikakataa kufanya kazi, ati tayari iko kazini. Naangalia, haiko. Nazima, nawasha, inasema iko kazini. Nikabadilisha waya, nikapiga magoti chini ya meza, wateja wakaondoka mmoja mmoja wakiniambia pole, na jasho likanitoka na baridi yote ile ya Julai. Saa kumi na nusu Nyambura akaniuliza kwa sauti ya chini, "Si tutumie simu yako?" Na mimi mjuaji (simu ilikuwa mfukoni, na bando tele) nikamwambia angoje, nimekaribia. Sikuwa nimekaribia popote. Niliogopa tu Tata aone kompyuta imenishinda.

Kumbe seva ikianza kazi huandika kafaili kadogo kwamba iko zamu, na ikizimwa vizuri hukafuta yenyewe. Mimi niliichomoa, kafaili kakabaki, na kila ikiamka inakasoma na kuamini kuna mwingine kazini. Nilipokafuta ikaamka mara moja, na ukurasa wa chuo ukafunguka: maombi yanaendelea. Tata akasema, "Ngai ni mwema," na hakuna aliyeangalia saa. Nyambura akajaza yote, akatuma.

Jibu likaja kwamba maombi yalifungwa saa kumi na moja. Ule ukurasa tuliosherehekea ulikuwa wa asubuhi, mteja fulani aliufungua na seva ikauweka akiba, vile nilivyoifundisha.

Nyambura alirudisha vyeti kwa bahasha, kimoja kimoja. Sasa anauza nyanya sokoni Kagio akingoja mwaka ujao, na mimi sijachomoa kitu tena bila kukizima. Na mgeni akiingia, hata kama kwetu ni aibu, namuuliza kwanza kama amekunywa chai. Kwa sababu Tata hakunigombeza siku hiyo. Aliangalia tu kikombe, akasema, "Mwanangu, sisi tulikuwa tumekunywa chai njiani, Karatina."