Ofa ya Hadi Jumapili

Mama mkwe wangu alikuja kukaa nasi Masumbwe akitokea kijijini, upande wa Mhunze, na kikohozi chake alikuja nacho. Daktari alimsikiliza mgongo kwa muda mrefu, kisha akanigeukia mimi na kusema jambo la kwanza ni kumtoa kwenye moshi. Mume wangu anafanya kazi mgodini Geita, nyumbani huja mwisho wa mwezi. Kwa hiyo suala la moshi likawa langu. Nilimkataza mama kuingia jikoni. Nikigeuka tu, namkuta amechutama mbele ya mafiga anapuliza kuni, anakohoa, machozi yanamtoka, ananiambia hawezi kukaa kama mgeni kwenye nyumba ya mwanawe.

Ndiyo maana gari la matangazo lilipopita na spika zake mbele ya kibanda changu cha kushonea, cherehani ilisimama yenyewe. Supamaketi moja ya Kahama ilikuwa na ofa: jiko la gesi la plati mbili pamoja na mtungi wake, karibu nusu bei, hadi Jumapili, usikose. Jioni likapita tena. Kesho yake likapita tena. Mimi nikishataka kitu situlii. Wiki ile nilikuwa na nguo za harusi ya watu, na nilizishona nikikosea, nafumua, nashona upya. Nilitaka kwenda Alhamisi, wenye harusi wakasema nguo zao kwanza. Jumamosi asubuhi tukapanda gari, mimi na mama, maana alikataa katakata kununuliwa kitu ambacho hajakiona kwa macho yake.

"Gesi inalipuka, ng'wanone," alinikumbusha njia nzima, akiniita mwanangu kwa Kisukuma kama afanyavyo akiwa na hofu.

Tulipofika, mwanamume mmoja alikuwa juu ya ngazi anakata kamba za bango la ofa. Upande mmoja ulikuwa umeshaanguka na kuning'inia mpaka kwenye mlango. Niliuachia mkono wa mama nikakimbia.

"Kaka, ngoja kwanza! Unashusha kwa nini? Leo si Jumamosi?"

"Mimi nimeambiwa nishushe, dada. Waulize ndani."

Nilitoa simu nikapiga picha bango likiwa bado limeshikilia upande mmoja. "Hadi Jumapili" ilisomeka vizuri. Sikuwa na mpango wowote na ile picha. Mikono tu ilikuwa inatafuta cha kufanya.

Ndani, majiko yalikuwepo. Yamepangwa ukutani, maboksi juu ya maboksi, na dada wa kaunta alikuwa anabandika bei mpya juu ya ile ya ofa. Nilimuuliza, akasema ofa imeisha asubuhi hii. Nikamuuliza imeishaje na mzigo huu hapa. Akashusha sauti, akasema nimuone meneja.

Hatukuwa peke yetu. Kulikuwa na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, wazee wawili mtu na mkewe waliotoka Tinde, na mchimbaji mmoja mwenye viatu vya mpira vyenye tope jekundu, ambaye alisema ametoka kwenye machimbo ya karibu na kwetu. Wote walikuwa wamekuja kwa ajili ya yale majiko. Mama mkwe wangu aliwasalimia mmoja mmoja kama vile tumefika msibani, kisha akakaa juu ya gunia la mchele.

Meneja alikuja akiwa anaongea na simu. Alimwamkia mama shikamoo, mama akaitikia marahaba, nami nikaona labda tutaelewana.

"Ofa imesitishwa," alisema. "Watu wamekuwa wengi kuliko tulivyotegemea. Ni maamuzi ya uongozi."

"Lakini mmetangaza hadi Jumapili. Gari lenu limekuja mpaka Masumbwe."

"Kila ofa ina vigezo na masharti, dada yangu."

"Yako wapi? Kwenye bango hayapo. Kwenye spika hatukuyasikia."

"Huu mzigo ni mpya. Mzigo mpya, bei mpya."

Mzee wa Tinde alisema taratibu kwamba wamelipa nauli kuja na watalipa nauli kurudi, na nauli haina ofa. Watu wakacheka kidogo. Meneja hakucheka. Mama mwenye mtoto aliniambia niache, nitapata presha bure. Nilijua ningeweza kuacha. Lakini miguu ilikataa kusimama sehemu moja. Nilikwenda mpaka kwenye majiko, nikarudi kaunta, nikaenda tena. Nilionyesha ile picha. Nilisema nitaipeleka kwa afisa biashara wa halmashauri, jambo ambalo mpaka linanitoka mdomoni sikuwa nimelifikiria.

Hapo meneja akanishika kiwiko, akanisogeza pembeni kwenye sabuni.

"Sikiliza. Wewe na mama yako chukueni jiko kwa bei ile ile ya ofa. Nitakufanyia mimi mwenyewe. Ila usiwaambie wenzako."

Mama alikuwa anakohoa juu ya lile gunia. Nilimwona akifuta macho kwa ncha ya khanga. Kitu tulichofuata kilikuwa mbele yangu, na neno moja tu lilitosha.

"Na hawa?" nikauliza.

"Hao hawakuhusu."

"Wamesikia tangazo lile lile nililosikia mimi."

Nilisema kwa sauti, kila mtu akasikia. Meneja aliachia kiwiko changu, akasema basi, hakuna mtu atakayepata, na akarudi ofisini kwake. Tulitoka mikono mitupu. Garini, tulipokaribia nyumbani, ndipo mama alipouliza, "Kwa hiyo tumekwenda kutazama?" Jioni ile alikwenda moja kwa moja kwenye mafiga.

Jumapili sikukaa. Kanisani niliimba bila kujua naimba nini. Jumatatu nikarudi Kahama peke yangu. Afisa biashara alikuwa mama wa makamo, mpole, aliyeniambia nikae nikakataa kukaa. Alitazama picha kwa muda, akaniuliza kama majiko yalikuwepo. Nikasema yalikuwepo, nimeyagusa.

"Mtu akitangaza bei na siku, tangazo linambana," alisema. "Huwezi kumwita mteja kwa bei moja ukamuuzia kwa nyingine. Mnunuzi ana haki ya kuambiwa ukweli kabla hajapanda gari."

Alimpigia meneja mbele yangu. Sikusikia upande wa pili, nilimsikia yeye tu akirudia, "Hapana. Hapana, bango ninalo hapa." Mwisho wakakubaliana: waliofika Jumamosi ile wauziwe kwa bei ya ofa, wiki hiyo hiyo, na asiye na ushahidi mimi nimthibitishe. Wazee wa Tinde na mama mwenye mtoto tulikuwa tumepeana namba tulipotoka dukani, nikawapigia. Wazee wakaja. Mama mwenye mtoto akaja na dada yake, ambaye hakuwepo siku ile, na meneja akamuuzia naye bila kuuliza. Mama mkwe wangu alilikubali jiko kwa masharti: mtungi ukae nje ya ukuta, na mimi ndiye niwashe. Baada ya siku chache nilimkuta anawasha mwenyewe, amenyoosha mkono mpaka mwisho, uso ameugeuzia mlangoni.

Yule mchimbaji hakuja. Sikuwa na namba yake, wala jina. Jambo hilo lilinikaa kifuani mpaka siku moja, kabla wiki ile haijaisha, nikaifunga cherehani mapema, nikaenda machimboni kumtafuta. Niliuliza kwa akina mama wanaouza chakula, wakanionyesha. Alitoka duarani, lile shimo lao, akiwa mwekundu kwa vumbi, akanikumbuka mara moja.

Nikamweleza yote, haraka haraka, bado kuna jiko lake.

Akacheka kwa upole. "Dada, mimi nilinunua siku ile ile. Mlipotoka nilirudi ndani nikalipa bei yao. Mke wangu kajifungua, ningerudi nyumbani na nini?"

"Una risiti? Afisa anaweza kukurudishia iliyozidi."

"Risiti nimeshaitupa. Achana nayo."

"Watakuwa na kumbukumbu yao dukani. Twende pamoja, mimi nitaongea."

Wenzake walikuwa wanamwita. Aliniambia ahsante, nimsalimie yule bibi, akateremka. Nilibaki pembezoni mwa shimo kwa muda, nikiita chini kwamba Ijumaa nitakuwa na nafasi, na sijui kama alinisikia.