Pilipili za Kukhu

Juzi nilikuta mche wa pilipili dirishani kwangu Malaba umekunja majani, yananata kama soda iliyomwagika. Nilipogeuza jani nikaona vidukari, vile vidudu vya kijani, vimejazana. Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni, nyumbani Mundika.

Nyanya yangu, tuliyemwita Kukhu, alikuwa amelazwa hospitalini. Miche yake ya pilipili ilikaa sebuleni, kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia. Niliingia nikamkuta mama na mkasi, anakata majani yote. Nyumba ilinuka majani mabichi na sabuni. Kwetu watu hunyolewa nywele baada ya mazishi. Nikaanza kulia.

"Kukhu amekufa?"

"Nani amekwambia?"

"Si unanyoa pilipili zake."

Mama alinigeuzia jani moja. "Nawatoa hawa. Majani yatamea tena."

Leo najua maji ya sabuni peke yake yangetosha. Siku hiyo nilifuta machozi tu, bila kuamini.

Kabla jua halijatua, boda ilisimama mlangoni. Kukhu aliingia polepole, akavitazama vile vijiti mikebeni.

"Kwani nani amekufa?"

Nikamshika gauni. "Hakuna, Kukhu. Hakuna mtu."