Kidole cha Msimu wa Pamba

Ngeleja alikuwa sonara wa Bariadi, na tangu biashara ya bidhaa za nje ifunguliwe alikuwa hatulii. Sokoni pete za kutoka nje zilijaa kwenye masinia, zinang'aa kupita kiasi; unachagua, unavaa, unaondoka. Nani angengoja wiki nzima fundi apulize moto? Yeye alibaki na jina tu: dhahabu ya mteja aliiyeyusha mbele ya macho ya mteja, na punje iliyosalia alimrudishia mkononi. Jina hilo likiharibika, afunge duka akachunge ng'ombe, na ng'ombe wenyewe hana.

Kwa ajili ya jina hilo Esteria wa Nkoma alimletea hereni za marehemu mama yake zigeuzwe pete ya ndoa. Julai akampima kidole kwa uzi. Mwezi wa Agosti, Mwandu, mchumba wa Esteria, akaichukua pete.

Siku moja kabla ya harusi, Esteria alipita dukani kusalimia. Ngeleja akatazama mikono yake. Julai binti alikuwa katikati ya kuchuma pamba, vidole vimechomwa na maganda makavu, vimevimba. Sasa vilikuwa vimepona, vyembamba. Yaani yeye, mtoto wa wakulima wa pamba, alipima uvimbe! Aliona aibu, akamwacha aende zake bila kumwambia.

Asubuhi ya harusi alifunga vifaa kwenye baiskeli, akakanyaga kwenda Nkoma huku akijitukana. Mara tatu alitaka kugeuza. Watu watacheka, kesho wote watahamia kwenye masinia. Alifika uwanja wa kanisa umeshajaa.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimia Esteria kwa Kisukuma mbele ya shangazi zake. "Pete yako nimekosea kipimo. Itakudondoka."

Mwandu akaitoa mfukoni, wakaijaribu. Kweli, ilipwaya.

"Si mngenunua ya sokoni?" shangazi mmoja akaguna.

Ngeleja akachuchumaa pale pale vumbini, akawasha mkaa, akaikata pete, akaiunga, akipuliza mpaka mashavu yakamuuma, na padri anatazama saa. Safari hii ilikaa sawasawa. Kipande kilichokatwa, kidogo kama punje ya mchele, akakiweka kwenye kiganja cha Esteria kama alivyozoea.

Esteria akamrudishia, akamfumba vidole.

"Kaa nacho, fundi. Julai ijayo nitakuwa shambani tena, vidole vitavimba. Nani mwingine atanipanulia pete?"

Tangu aanze kazi, Ngeleja hakuwahi kubaki na dhahabu ya mtu. Kipande kile alikifunga kwenye ncha ya leso.