Fundi wa boti Amu anayesikiliza magari yake kwa simu

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Kamaludin Faiz ameinamia sinia ya chai nyumbani kwake mtaa wa Langoni, kisiwani Amu, yaani Lamu, simu ameibana sikioni. Mkate wa mofa umeshapoa mbele yake na hajaugusa. Anasubiri gari liwashwe ng'ambo ya maji, Mokowe, mahali ambapo yeye hayupo.

"Tia moto," ananena kwa sauti ya chini.

Huko Mokowe, Bi Wairimu, mama mwenye kibanda cha chai karibu na gati, anazungusha ufunguo. Injini inanguruma. Kamaludin anafumba macho na kuhesabu kimoyomoyo. Hajafika kumi, uso wake unakunjamana.

"Zima. Zima, Bi Wairimu."

"Bado inagonga, ama ni mimi nasikia vibaya?"

"Yagonga."

Mkewe, Bi Umulkheir, anamimina maziwa kikombeni wala haulizi kitu. Hilo la kutoulizwa ndilo linalomkosesha Kamaludin raha kuliko hata huko kugonga kwenyewe. Anaitia simu mfukoni, anashukuru Mungu kwa chakula ambacho hakukila, na kuinuka.

Kamaludin ana umri wa miaka arobaini na sita. Ni fundi wa mashine za boti, na mafundi wa kazi hiyo Amu ni wengi. Kinachomtenga na wenzake ni kwamba anaishi kwenye mji wa vichochoro ambavyo punda wawili wakikutana mmoja lazima arudi nyuma, na bado anamiliki magari matatu ya mbio.

La kwanza ni Impreza ya buluu ya mwaka 1998, aliyoinunua Mombasa ikiwa imebondeka pua. La pili ni Celica nyekundu, aliyoachiwa na mwalimu mmoja aliyehamishwa kutoka Mpeketoni. La tatu ni Mark II nyeupe yenye turbo mbili. Yote yanakaa Mokowe, ndani ya banda la mabati nyuma ya kibanda cha Bi Wairimu.

"Kuna mtu hufuga ndiwa, kuna mtu hufuga mbuzi," anasema, akikusudia njiwa. "Mimi mato yangu yalipenda magari. Sina maelezo mangine." Mato, kwa Kiamu, ni macho.

Wazee wa baraza la Mkunguni, katikati ya mji, wamekuwa na maelezo yao. Kila apitapo na mkoba wa spana humuuliza, "Punda wako wameamkaje?" Naye hujibu kwamba wameamka salama. Wiki hii amekuwa akipitia kichochoro cha nyuma.

Mapenzi hayo aliyapata ujanani, alipofanya kazi miaka sita kwenye gereji moja huko Changamwe. Baba yake alipougua alirudi nyumbani, akashika kazi ya boti, na moyo akauacha barabarani. Mwezi mzuri, watalii wakijaa, hutia mfukoni shilingi elfu arobaini na tano. Miezi ya mvua hata elfu kumi na tano ni za kubahatisha. Katika hizo ndimo hutoka matumizi ya nyumba, na kinachobaki huvuka maji.

Si kingi kinachobaki, kwa hiyo magari yake yameungwa kwa vitu vya baharini. Bomba la moshi la Celica lilitengenezwa kwa reli ya boti ya watalii iliyopasuka Shela. Boliti za Mark II ni za kuzuia kutu, zote za boti. Chini ya kila gari amepaka grisi ile inayopakwa shafti za boti, kwa kuwa hewa ya Mokowe ina chumvi na chumvi haina huruma. Ukipitisha kidole chini ya mlango wowote, kinatoka kimejaa mafuta.

Chumvi hiyo ndiyo iliyozaa mtindo wa simu. Gari likikaa siku tatu bila kuwashwa hapa pwani, linaanza kuoza kwa ndani. Kamaludin hawezi kuvuka kila siku, hivyo miaka tisa sasa Bi Wairimu, kwa elfu mbili kwa mwezi, huyawasha moja baada ya jingine kabla hajainjika chai ya wateja, na husogeza simu karibu na boneti. Fundi husikiliza akiwa Amu na kusema kinachotakiwa.

"Mwanzo niliona huyu mtu ako na shida kidogo," anasema Bi Wairimu, mzaliwa wa Nyandarua aliyehamia Lamu na marehemu mumewe. "Siku moja akaniambia angalia mkanda wa ile nyeupe, umelegea. Nikaangalia. Ulikuwa umelegea kweli. Tangu hiyo siku sibishani na yeye."

Kinachogonga wiki hii ni Impreza, na aliyeigongesha ni mwenyewe.

Ilikuwa Ijumaa iliyopita. Mvua zilikuwa zimekata barabara ya Malindi na petroli ikaadimika Mokowe. Kamaludin akaamua kuvusha mtungi wa lita ishirini kutoka karakana yake ya Amu. Wakati anaujaza, mteja mmoja alisimama mlangoni akimweleza habari za boti yake iliyozima katikati ya mkondo wa Manda. Kamaludin akawa anasikiliza, anajibu, na mkono unafanya kazi.

Mashine nyingi za boti anazotengeneza hunywa petroli iliyochanganywa na oili. Kwa miaka ishirini hajawahi kujaza mtungi wa petroli bila kumimina kikombe kimoja cha oili juu yake. Basi mkono ukamimina. Mazoea yana taabu, walisema waliotutangulia, na hawakuwa wamemwona Kamaludin.

Jumamosi asubuhi alivuka, akautia mtungi wote kwenye tangi la Impreza, akashika barabara ya mji mdogo wa Hindi. Gari hilo amelizidishia nguvu ya turbo kupita lilivyotoka kiwandani, na injini ya namna hiyo hutaka petroli safi, tena nzuri. Moshi wa kibuluu ulipoanza kutoka nyuma alidhani ni turbo inavuja kidogo. Akakanyaga zaidi ili asikie vizuri. Alichosikia ni kama mtu anayegonga mlango kwa pete.

"Nilirudi mwendo wa harusi," anasimulia. "Yioni karakana ndipo nalipokiona kikombe. Kina oili mbichi. Nikakaa tini, sakafuni."

Mtu mwingine angehuzunika, akanunua injini nyingine Mombasa, yakaisha. Kwa Kamaludin hayaishi hivyo, na sababu iko juu ya dari ya chumba chake cha kulala.

Miaka mitatu iliyopita boriti za dari ile zilikuwa zimeliwa na mchwa. Fedha za kununua boriti mpya zilikuwa tayari zimewekwa. Mwezi huohuo injini ya Mark II ikavunja pistoni, ikiwa ni ya tatu kumfia mikononi, na fedha za boriti zikavuka maji. Bi Umulkheir na binti yao Safaa walilala ukumbini masika nzima, ndoo mbili zikikinga matone.

Kamaludin hakugombezwa. Aliona haya mwenyewe, akasema mbele ya mkewe na bintiye: "Ikifa injini nyingine, naziuza gari zote tatu." Hakuna aliyemlazimisha. Boriti zilinunuliwa mwaka uliofuata, lakini neno halikufutwa. Na wote waliolisikia wangali hai.

Ndiyo maana leo, Jumatano, anavuka na kipimo cha injini ndani ya mkoba. Akipima, atajua. Tangu Jumapili anasikia kugonga kwa simu na kujiambia kwamba huenda ni plagi, huenda ni mafuta machafu yaliyobaki kwenye tangi. Ameshayatoa yote na kutia mapya, na bado inagonga.

Ndani ya boti ya abiria anaipapasa plagi moja kuukuu kama mtu anayevuta tasbihi. Anapoulizwa na mwandishi wa habari hizi anaogopa nini hasa, anaitia plagi mfukoni.

"Naogopa kuwa mtu wa neno," anasema. "Na naogopa kutokuwa."

Bandani joto limeshaanza kupanda. Kazi ya leo ni rahisi kueleza: injini ina silinda nne, kila moja inatolewa plagi, kipimo kinafungwa mahali pake, ufunguo unazungushwa, na sindano ya kipimo inaonyesha kama silinda bado inabana hewa. Ikivuka paundi mia na arobaini, ni nzima. Ikishuka chini ya mia, ndani mmevunjika kitu.

Plagi za Impreza zimelala ubavuni, mahali ambapo mkono wa mtu mzima haukukusudiwa kufika. Inamchukua karibu saa nzima, na vifundo vya vidole vinachunika. Bi Wairimu amefunga kibanda na kuketi kwenye usukani, mguu kwenye mafuta, kama alivyofundishwa.

"Silinda ya kwanza. Zungusha."

Sindano inapanda hadi mia na hamsini. Kamaludin anatoa pumzi.

Ya pili, mia na arobaini na nane. Ya tatu, mia na hamsini. Sasa anatabasamu kidogo, tabasamu la kwanza tangu asubuhi, na Bi Wairimu anaanza kusema kwamba alijua tu ni plagi. Kamaludin anafunga kipimo kwenye silinda ya nne.

Sindano inapanda hadi sitini, inatulia.

Anakifungua kipimo, anakipuliza, anakifunga tena. Sitini. Mara ya tatu anakaza kwa nguvu zake zote. Sitini.

"La kuvunda halina ubani," anasema, na kuketi juu ya tairi.

Bi Wairimu anashuka garini, anajipangusa mikono kwenye leso, na kusema lile ambalo pengine kila aliyekuwa bandani alikuwa analifikiria.

"Bwana Kamaludin, si umwambie ni turbo? Turbo si injini. Nani atajua?"

Kamaludin anamtazama, kisha anamtazama na mwandishi wa habari hizi. Ni kweli kwamba hakuna mtu Amu ambaye angevuka kuja kupima silinda ya nne. Turbo ni kitu cha kubadilisha, injini ingebadilishwa polepole kwa siri, na mwaka ungepita. Ameishika simu, kidole gumba kinateleza juu ya kioo kwa jasho na grisi, na kwa dakika nzima haijulikani atasema nini. Baadaye alikiri kwamba hata yeye hakujua.

Simu inapokelewa kwa mlio wa kwanza.

"Mama Safaa. Ni injini. Imekufa. Ni mimi naliiua. Nalitia mafuta ya boti."

Ameweka sauti ya wazi bila kukusudia, au labda kwa mazoea, na Bi Umulkheir anasikika bandani kote.

"Nalijua."

"Walijuaje wewe?"

"Miaka tisa simu hukaa siniani, twasikiliza sote. Mimi nazijua gari zako zote, Bwana, na siyapata kuziona. Ya buluu huanza na kikohozi. Nyekundu hutetema. Nyeupe ndiyo yenye adabu. Tangu Yumapili umeiweka simu sikioni. Mtu haifichi sauti ndema." Ndema, yaani njema.

Kamaludin ameinamisha kichwa. Bi Wairimu amegeukia mabati, anajifanya anatafuta kitambaa.

"Neno langu liko pale pale," anasema Kamaludin. "Nitaziuza."

"Naam. Ahadi ni deni." Sauti ya mkewe haina hasira, na hilo linaonekana kumuumiza zaidi. Kisha anasema: "Yumamosi nitavuka. Kabla hazijenda kwa watu, nataka kupanda moya. Ile nyekundu. Unipeke hata Hindi, unirudishe."

Katika miaka ishirini na mbili ya ndoa yao, Bi Umulkheir hajapata kukanyaga banda lile. Aliapa kwamba hatalitazama jumba la wake wenza watatu wa mabati. Kamaludin anasema tu "inshallah", na simu inakatika.

Kwa mujibu wa mipango, magari yatatangazwa wiki ijayo. Ameshampigia mtu mmoja Malindi kuhusu Mark II. Impreza itauzwa kama ilivyo, na anasisitiza kwamba mnunuzi ataambiwa habari za silinda ya nne kabla hajatoa hata shilingi. Celica ndiyo atakayoitangaza mwisho.

Je, ana tumaini kwamba mkewe atabadilisha mawazo?

"Hakusema atabadilisha," anajibu upesi, kama mtu anayejizuia mwenyewe. "Lakini akishuka garini atasema neno. Lazima aseme neno. Mimi nitalisikiliza hilo neno vizuri."

Halafu hofu nyingine inamwingia, na mara hii inamwinua pale kwenye tairi. Anafungua mlango wa Celica, upande wa kushoto wa abiria. Ameliendesha gari hilo peke yake miaka yote hii. Kiti kile kimebeba spana na mitungi tu. Anashika mkanda wa usalama na kuuvuta. Hauji. Anauvuta tena kwa mikono miwili. Chumvi imeukamata ndani kwenye roda yake, pale unapojikunja, na haijulikani tangu mwaka gani.

Saa saba mchana, boti ya kurudi Amu inaita abiria gatini. Kamaludin haitazami. Amepiga magoti kando ya kiti cha kushoto, amekwisha fungua skrubu zote, na anadondosha oili kwa ncha ya bisibisi, tone moja moja.

"Siku tatu zatosha," anasema. "Yumamosi huu mkanda utakubali."