Siku Ngasa Aliposimama Mlangoni na Gobori

Ndugu zangu, mimi ni Yohana, mwalimu wa dini. Mguu huu mnaouona mfupi haukuwa hivi. Kila asubuhi nilikuwa nikilima, kisha nikifundisha watoto kusoma katika nyumba ya udongo, kijijini kwetu upande wa Ushirombo. Mlango ulikuwa mmoja. Madirisha yalikuwa matundu ya kupitisha mkono tu.

Siku moja Mzee Ngasa, jirani yangu, alisimama mlangoni na gobori lake la kuwindia. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba." Akaliinua gobori. Ukaja mlio, ukaja moshi, nikaanguka. Vipande vya chuma vilikuwa vimenivunja paja. Felisita, binti mdogo wa benchi la mbele, alikufa bila hata kupiga ukelele.

Ngasa hakuondoka. Alisimama palepale akishindilia baruti upya kwa ufito. Watoto walijibana ukutani nyuma yangu. Nilitaka kutambaa, mguu ukakataa. Nikaomba, "Mungu, fungua ukuta huu." Haukufunguka. Wanaume waliokuwa wakipalilia karibu walikuja mbio wakamkamata kabla hajamaliza.

Walinibeba kwa machela hadi zahanati ya misioni. Sista alinitoa vyuma huku wanaume wanne wamenishika. Usaha ulitoka hadi nikaichukia harufu yangu mwenyewe.

"Tukiukata mguu utapona upesi," alisema. "Tukiuacha, sijui."

Nikamwomba auache. Akanifunga ubao toka kiunoni hadi kisiginoni, nikalala chali miezi mitano.

Aliyeniletea uji ni Mama Felisita. Niliona haya kuupokea. "Kunywa, mwalimu," alisema. Tulisali pamoja, lakini kwenye Baba Yetu, pale pa kuwasamehe waliotukosea, alinyamaza. Nami nikanyamaza. Padre alitusikia, nikadhani atatukemea. Akasema, "Msimdanganye Mungu. Nyamazeni, lakini msiache kusali."

Nilipoweza kutembea kwa magongo niliitwa Shinyanga kutoa ushahidi. Askari aliniruhusu kusema na Ngasa.

"Kwa nini, baba?"

"Ulimfundisha mwanangu kusoma. Akaisoma barua ya kuitwa kazini kwenye machimbo ya dhahabu huko Geita. Shimo likamfukia."

Mwanawe nilimpenda, nami nilimlilia. Lakini wazazi wengine walipoteza wana katika shimo lilelile, na hawakushika bunduki.

"Na Felisita alikukosea nini?"

Aliinamisha kichwa. "Sijui, mwalimu. Sijui."

Jibu hilo lilinibana kuliko ubao. Ngasa akanyongwa. Nilidhani siku hiyo nitapumua, sikupumua.

Ndipo Mama Felisita akaja kwangu na majembe mawili. "Twende kwa mkewe. Shamba lake limeliwa na magugu, na hakuna anayemtembelea."

Tulimkuta yule mjane amejifungia ndani.

"Mmekuja kunichomea nyumba?" aliuliza.

"Tumekuja kupalilia," Mama Felisita akamjibu.

Tulipiga safu mbili ndipo akatoka, akaanza ya tatu bila kutuangalia. Mimi nilikaa chini, maana siwezi kuinama, nikang'oa magugu kwa mkono. Usiku huo nililala usingizi.

Wewe uliyeumizwa, usingoje kujua sababu yote ndipo uanze kupona. Mimi mpaka leo siijui. Namshukuru Mungu, namshukuru sista, namshukuru na mama huyu aliyeketi hapa mbele. Muulizeni kama amesamehe. Atawaambia, siku nyingine ndiyo, siku nyingine bado.