Nani Ataanzisha Wimbo wa Kukhu

Ijumaa, saa kumi na moja na nusu jioni, Sirisia.

Naandika nikiwa nyuma ya jikoni. Mvua imetoka kupita. Mlima umejifunika, na moshi unatambaa chini chini kwenye mahindi kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Kesho tunamzika Kukhu, mama yake baba. Bado naona kama amelala tu chumba cha pili.

Kanisani kwetu hatuna kinanda. Mtu mmoja huanzisha wimbo peke yake, mstari wa kwanza, halafu wote wanaudaka. Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa Kukhu. Kabla hajafa alimwambia Senge Nekesa, dada yake baba, ati asubuhi jeneza likitolewa nyumbani, wimbo niuanzishe mimi. Mimi! Nasoma kidato cha tatu Kitale na sijawahi hata kuuliza swali darasani.

Leo mchana binamu yangu Brayo alicheka mpaka akashika mti. "Huyu? Si hata akiitwa jina darasani anajibu kwa macho! Wachaneni naye bana. Nitaleta spika, tuweke wimbo kutoka kwa simu."

"Spika haijawahi kufiwa," Senge akamkata. Halafu akanigeukia polepole. "Nafula, mama, kama utashindwa sema leo. Kesho kukinyamaza hapo uani, tutakuwa tumemtoa Kukhu wako kama kiti."

Nikaja huku nyuma kulia, na ndipo Pasta Wekesa akanikuta. Ni mzee, anatembea kwa fimbo. Alikuwa amekuja kunawa matope. Nafikiri Senge alishamwambia, maana hakuniuliza kitu. Alikaa akatazama mahindi mpaka nikadhani amesahau kwamba niko. Kisha akaanza, na mimi naandika vile nakumbuka.

"Mwanangu, kuna Jumapili moja ya Kitale haijawahi kunitoka. Nilikuwa kijana wa umri wako. Baba alikuwa kibarua wa shamba la mahindi, na kanisa letu lilikuwa ghala. Magunia upande huu, Wakristo upande ule. Jua lilikuwa likipita kwenye matundu ya mabati, linashuka kama nyuzi ndani ya vumbi, na ukiimba unaona kabisa wimbo unazipanda nyuzi hizo. Basi siku hiyo mwanzishaji aliugua. Mzee wa kanisa, Mzee Barasa, akaninyooshea kidole. Nikasimama. Na woga, mwanangu, hupandisha sauti. Nilianza juu, juu kabisa, kama jogoo aliyekanyagwa. Wamama wazee wakajaribu mstari mmoja, wakaniacha huko juu peke yangu. Nikanyamaza katikati. Nikatoka nje mbio."

Nilicheka kidogo. Na yeye akacheka.

"Mzee Barasa akanifuata. Nikangoja anibembeleze. Wapi! Akasema, 'Rudisha wimbo wa watu.' Nikamwambia sauti yangu ni mbaya. 'Nani ameuliza habari ya sauti yako? Mimi nachunga ng'ombe. Asubuhi nafungua boma, basi. Sijawahi kumbeba hata mmoja mpaka malishoni. Ingia ndani, anza chini, pale bibi asiye na meno atafika.' Nikarudi. Nikaanza chini, karibu na kuongea. Eh, mwanangu! Ghala lote likaitika, hata magunia nilidhani yanaimba. Mpaka leo nikiota mbinguni, kunanukia mahindi makavu."

Akafumba macho. Nilidhani amesinzia.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," akasema, macho yakiwa bado yamefumbwa. "Watu hudhani hiyo ni habari ya kazi ya jembe tu. Hata ibada ni hivyo. Anayeanzisha wimbo anawafungulia waliochoka, kwa hiyo anza mahali watafika. Ukikosea, kosea ukiwa umesimama, usikimbie kama mimi. Na imani usiingoje ikue ndiyo uanze. Huku kwetu tunapanda mahindi udongo ukiwa mkavu, mvua inayakuta ndani."

Akaniwekea kichwani mkono wake, bado umelowa. "Mungu wa Kukhu wako akulainishie koo. Akupe watu wa kukuitikia popote utakaposimama."

Nikasema amina, lakini tumboni tu. Sijui kama aliisikia.

Jumamosi.

Asubuhi walipoinua jeneza mlangoni, Senge alinitazama. Brayo alikuwa amesimama kando ya spika, kidole juu ya simu. Nikasogea mbele. Nikaanza chini, chini sana hivi kwamba Brayo akasema, "Ati nini?" Sauti ikakatika kabla mstari haujaisha.

Kukawa kimya. Nilitaka kukimbia. Nikabaki pale, nikaurudia mstari kutoka mwanzo, na ukakatika tena palepale.

Mama mmoja mzee kutoka Myanga, simjui hata jina, akaumalizia. Halafu wengine. Halafu uani pote. Ubeti wa pili nililia sana nikashindwa kuimba, na wimbo ukaendelea tu, mkubwa, unapita juu yangu kwenda kwenye mahindi. Brayo aliweka simu mfukoni, akashika jeneza na wenzake.

Nilipoinua macho, mtu wa boda tusiyemjua alikuwa amezima pikipiki barabarani. Alikuwa ameshika helmeti kifuani, anaimba.