Chungwa Lililovishwa Koti

Mtaani walimwita Baridi, kwa sababu alikuwa fundi wa friji, na kwa sababu hakuwa mtu wa maneno mengi. Maneno ya nyumba nzima alikuwa nayo mkewe, muuguzi. Homa ya uti wa mgongo ilimchukua ghafla, akamwachia mumewe binti wa darasa la pili, pamoja na mama mkwe aliyekuja msibani na begi dogo, akabaki.

Enzi za mkewe, chakula cha mchana hakikununuliwa. Jumapili alichemsha maharage, mayai na viazi vitamu, akaosha karoti, akavigawa vyote kwenye vyombo. Asubuhi ilikuwa kufungua friji na kubeba tu. Alipoondoka, Baridi akawa anampa mtoto hela ya chipsi na soda. Mpaka mwalimu alipomwita.

"Baba, mtoto anasinzia kila akitoka kula, na tumbo linamsumbua. Anakula nini?"

Baridi aliona haya. Jioni ile alitoa vyombo vya marehemu kabatini, akavisugua, akaanza. Maharage yake ya kwanza yalikuwa kama kokoto. Mama mkwe, aliyefanya kazi ya usafi ofisini, alirudi na chombo chake kikiwa nusu.

"Nina meno machache, mwanangu, nayahitaji. Yaloweke kwanza."

Akajifunza. Ikawa kila jioni anapanga vyombo vitatu, cha mtoto, cha mama mkwe na chake, na juu ya kila kimoja anaweka chungwa zima.

Siku moja, akiwa ameketi kando ya friji ya bucha iliyogoma, alifungua chakula chake akakuta chungwa limefungwa uzi. Juu lilikuwa limekatwa kofia. Vipande vilitolewa, vikatenganishwa, kisha vikarudishwa ndani ya ganda lake. Hakuna aliyefanya hivyo duniani ila mkewe. "Nimelivisha koti," angesema, "lisipate mafua humo kwenye friji yako." Baridi hakula. Alilishika tu mkononi, mpaka mwenye bucha akamuuliza kama amepigwa shoti.

Kesho yake vivyo hivyo. Na keshokutwa. Alidhani ni mama mkwe, lakini mkweo utamuulizaje jambo kama hilo? Na akikana, je? Akanyamaza. Ila alianza kukaza sikio kila bomba la jikoni lilipodondosha tone, na harufu ya maganda ikawa haimtoki kwenye shati.

Aliyevunja ukimya ni mama mkwe, Jumapili, wakichambua maharage.

"Mwanangu, nisamehe kwa nitakalosema. Yale machungwa yaache. Najua unamkumbuka. Lakini kila nikifungua lile koti nalia mbele za watu."

Baridi akaacha kuchambua. "Mama, mimi nilidhani ni wewe."

"Kwa mikono hii inayotetemeka?"

Wakatazamana. Punje zikawadondoka, hakuna aliyeinama kuziokota.

Alfajiri iliyofuata walisimama ukumbini bila viatu. Taa ya jikoni ilikuwa inawaka. Mtoto alikuwa amepanda kwenye kigoda, na kisu mkononi. Hakuwahi kuruhusiwa kushika kisu katika nyumba ile, lakini mkono wake haukusita, na kofia ya chungwa ilitoka nzima. Mara kwa mara alitulia, akainua uso kama anayesikiliza.

"Ndiyo," alisema polepole. "Hivi? Ndiyo."

Mama mkwe alimkamata Baridi kiwiko hadi kucha zikamwingia. "Tuhame," alinong'ona. "Leo hii tuhame."

Baridi akaingia. "Mwanangu, nani amekufundisha?"

"Mama."

"Lini?"

"Akija. Kabla hujaamka." Alisema kama mtu anayeelekeza njia ya dukani. "Anasema kisu chako butu, baba. Kitakata mtu."

Baridi akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu mazishi, na kilimtisha kuliko kilio, maana kisu kilikuwa butu kweli, na mkewe alimsema kwa kisu hicho miaka yote. Hakutazama mtoto alikokuwa akitazama. Alijua huko kuna ukuta, na hakutaka kuuona ukuta.

"Basi nionyeshe na mimi," akasema.

Tangu hapo waliamka pamoja. Mtoto anasikiliza, baba anakata, na bibi amekaa mlangoni na shuka mabegani, hasogei karibu wala haondoki. Habari ya kuhama ikafa yenyewe. Mtoto alianza kunawiri, na mwalimu akasema hasinzii tena.

Mvua zilipoanza, siku moja mtoto alilala hadi kumekucha. Baridi alikata machungwa peke yake, akakawia, akisubiri asichokijua. Mtoto alitokea akifikicha macho.

"Leo hakuja," alisema, akaomba soksi zake.

Kesho yake hakuja. Hakuja tena.

Aliyeumia zaidi ni bibi, yule yule aliyetaka kuhama. Alimfuata Baridi jikoni.

"Tumemkosea nini?"

"Hatujamkosea, mama."

"Sasa mbona ameondoka bila hata kuniaga mimi? Mimi niliyemzaa?"

Baridi alikibonyeza kifuniko cha chombo cha bibi, akampa. Viazi alivyopasha alfajiri vilikuwa bado vya moto. Bibi alikikumbatia kifuani kwa mikono miwili, akasimama hapo mlangoni muda mrefu, mgongo wake umeelekea mvua na macho yake yako jikoni, hadi mjukuu alipomvuta gauni.

"Bibi, twende. Utachelewa kazini."